Nyuzi Sitini na Mbili

Maji ya moto hunifikia baridi.
Hushushwa Mbagala Rangi Tatu kutoka kwenye buti ya basi,
ndani ya kasha la barafu lililokazwa kwa mpira wa baiskeli,
pamoja na viroba vya mchele na jogoo aliyefungwa miguu.
Kila Jumanne konda huniuliza:
"Dada, hizi soda?"

Mimi ni wa msimu, Juni hadi Oktoba,
barabara ya Rufiji inapopitika na wafadhili wanapokumbuka.
Mvua zikianza, mkataba nao hulowa.
Kazi yenyewe ndogo: kufungua, kunusa, kupima, kuandika.
Kunusa hakumo kwenye mkataba.
Bwana Rwechungura, mkuu wa maabara, husema pua si chombo,
lakini naye nimemfuma, akidhani niko stoo.

Chupa ya kwanza, yai viza.
Ya pili, njiti ya kibiriti kabla haijawashwa.
Ya tatu haina harufu, nayo ndiyo huitilia shaka.

Mwandiko kwenye lebo ni wa Sikudhani Mbonde.
Sijawahi kumwona.
Saba zake huzifunga mkanda kiunoni.
Ameandika: saa kumi na mbili na robo, asubuhi, nyuzi 62,
kisha wino umetambaa
palipodondokewa na jasho, au mvuke.
Nachovya kipimajoto changu hapa Ubungo, feni ikilalamika:
nyuzi 9.
Kati ya tisa na sitini na mbili
kuna mwanamke ameinama, kanga kaifunga kibwebwe,
anavuta mkono haraka.

Nilipomwambia mama kwamba kuna mahali
ardhi inachemsha yenyewe, usiku na mchana, bila mkaa,
aliacha kupepea jiko.
Sufuria ya maji ya kunywa ilikuwa bado haijatoa hata povu.
"Na mkaa," akasema, "wanamdai nani?"

Agosti nikaiba chupa moja.
Nasema kuiba kwa kuwa ndilo jina lake.
Nikaijaza kwenye kisima chetu, Buguruni Mnyamani,
nikaipanga mwisho wa safu, nyuma ya sita za Sikudhani,
kama mtoto wa jirani aliyejipenyeza kwenye picha ya harusi.

Asubuhi, sahani zake zilikuwa nyeupe, tupu.
Yangu ilikuwa na vidoa vya buluu.
Nilihesabu hadi mia na arobaini
nikaacha, kama mtu anavyoacha kuhesabu deni.

"Hii chemchemi gani?" akauliza Bwana Rwechungura.
"Yetu."
Fomu haina safu ya yetu.
Hakuandika kitu. Kesho yake nilikuta juu ya meza
pakiti tatu za vidonge vya klorini, hazina barua.

Nikawapelekea wenye kisima.
Mama Chiku alicheka hadi akakaa chini:
"Maji haya yamenikuzia watoto sita!"
Sikumwuliza alizaa wangapi.
Alinyamaza mwenyewe,
akaipokea pakiti, akaitia kwenye pindo la kanga,
akafunga fundo.

Oktoba, kasha la mwisho.
Mawingu yalishaanza kushuka upande wa Pugu.
Chupa sita, na kitu cha saba kisichokuwa kwenye orodha:
chupa ya chai, ile yenye maua mekundu,
mfuniko umezungushiwa plasta ya kidonda.
Kwenye lebo, mahali pa maoni:
*Msimu umeisha. Ukija, njoo na mayai na chumvi.
Maji utayakuta.*

Nikamimina kikombe.
Mvuke mwembamba, uvundo wa yai, na miwani yangu ikapata ukungu.
Nikachovya kipimajoto,
ingawa hakuna aliyenituma:
nyuzi 47.
Saba nimeifunga mkanda kiunoni.

Kisha nikakishika kikombe kwa mikono yote miwili
mpaka Bwana Rwechungura alipopita,
akasimama,
akavuta pumzi kwa pua.